Dawa Yenye Iliniachia Kidole

Ninyi vijana wenye munaingia sasa mu kazi ya fromaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe, muweke kwanza simu chini. Nitawaambia mambo ya sufuria na mambo ya mukono, juu hii kazi inafanywa na mukono. Miye nilisoma primaire tu, na sikuimaliza. Lakini kutoka Mushaki mpaka Nyabiondo, uulize mutu yeyote mwenye anajua fromaji ya kweli, atakuambia jina yangu: Mama Riziki. Sisemi vile juu ya kujisifu. Nasema vile juu ni kweli.

Leo niko nimepumuzika. Nakaa mbele ya nyumba yangu, nachagua maharagi, naangalia moto za watu, zile pikipiki, zinapita na bidon za maziwa. Hakuna mutu alinifukuza ku kazi. Niliacha siku yenye nilichagua miye, na mukono wangu ukiwa ungali unafanya kazi. Ilibakia kidogo isiwe vile, njo maana ninaandika.

Mutu mwenye alinifundisha aliitwa muzee Tito. Alikuwa muchungaji zamani, kisha wakamufundisha fromaji, na hakuwa na maneno mingi. Ukiuliza kitu mara mbili, alikutazama sawa vile ng'ombe anatazama mvua. Mambo yenye alisema, ilibakia. Ya kwanza: maziwa hatuitukane. Kama mutu analeta maziwa yenye imeanza kuchacha, usiseme imeoza. Sema imechoka, umurudishie bidon yake na heshima, ende anyweshe nguruwe. Ukitukana maziwa ya mutu, umetukana ng'ombe yake, bibi yake na watoto yake pamoja, na kesho hataleta kitu.

Ya pili ni ya kidole. Ukiisha kupasha maziwa moto na kutia présure, ile dawa ya kugandisha, unafunika na unangoja. Kujua kama imeganda sawasawa, unaingiza kidole kidogo cha mukono wa kuume, unainua pole pole. Kidole kidogo, juu njo kisafi kuliko vyote. Hakikamate jembe, hakikamate makala ya jiko. Kama maziwa inapasuka ovyo-ovyo na kubakia ku kidole sawa vile uji, bado. Kama inapasuka laini, mustari moja, na maji yenye kutoka ndani iko na rangi ya kijani kidogo, kata. Na mwenye aliweka présure njo atapima. Mutu mwingine asiingize kidole yake. Watu wawili wakipima sufuria moja, mutapata maneno mbili na fromaji hata moja hapana.

Basi, kile kidole njo kiliharibika.

Siku ile mukamuaji mumoja alikosa, nikaenda kusaidia mu kiraro, mule ng'ombe zinakamuliwa. Papa Anselme, mwenye fromajeri, ile nyumba ya kutengenezea fromaji, alikuwa na ng'ombe moja mwekundu, tulimuita Bihogo. Ng'ombe muzuri wa maziwa, lakini wa kasirani mingi. Nzi ikamuuma, akageuka, akanibana kiwiko ku muti wa kiraro. Mukono ulivimba, kisha ukapona. Ngozi ilikuwa nzuri, mufupa muzima. Nikarudi ku sufuria, nikasema Mungu ni mwema.

Kisha moto ukaanza.

Sikilizeni, juu kuna watu kati yenu watapata hii kitu na hawataijua. Haiko maumivu ya kuvunjika, wala ya kuchoka. Ilikuwa sawa vile mutu anapitisha waya ya moto kutoka kiwiko mpaka kidole kidogo, kisha anaivuta. Inakuja bila kuitwa. Mukono wa nguo ukinigusa, naruka. Upepo wa asubuhi ukipita, naruka. Na maji ya chumvi, yenye tunalalisha ndani fromaji mpya juu ipate ngozi, ile sasa! Nilitia mukono siku moja, nikalia mbele ya watu. Miye, kulia! Hata siku ya mazishi ya mume wangu nililia mu nyumba, mulango umefungwa.

Papa Anselme aliniita pembeni. Alikuwa mutu muzuri, simusemi vibaya.

"Mama Riziki, naona unapima na mukono wa kushoto."

"Unaona vizuri."

"Na fromaji ya juzi ilikuwa laini sana mu katikati."

"Niliikula, najua."

Akakuna kichwa. "Sasa ni kiangazi, maziwa ni kidogo, tutavumiliana. Lakini mvua ikirudi na majani ikiota, bidon zitajaa huu uwanja. Siwezi kuwa na mutu wa kukisia-kisia ku sufuria. Kama mukono unakataa, utakaa nyumbani na heshima yako yote, nitaweka Safi pa nafasi yako."

Safi alikuwa mwanafunzi wangu. Mutoto muzuri wa kazi, lakini wakati ule alikuwa angali anakata maziwa sawa vile anakata mboga. Nikamuambia: "Mvua ikirudi, utanikuta hapa." Kusema ni rahisi.

Nikaanza kutafuta dawa, na hapa muchunge sana, juu kila mutu ni dokta wakati mukono si wake. Jirani mumoja alisema ni sumu nilitupiwa, alitaka kunichanja na wembe. Nikamuambia ajichanje yeye. Muuza dawa wa soko akanipiga sindano, alisema ni ya "mishipa yote". Ilituliza kiuno, yenye haikuwa inaniuma. Nikanunua vidonge vya maumivu vyenye kila mutu anavijua, nikameza hivi vyeupe, nikameza hivi vya rangi. Tumbo ikaanza kuwaka pamoja na mukono. Sasa nilikuwa na mioto mbili, na mvua inakaribia.

Njo nikapanda moto mpaka ku centre de santé, kituo cha afya, kwa muuguzi wake, infirmière Esther. Mwanamuke mufupi, sauti kubwa. Aliniambia nifunge macho, akanigusa na pamba, kisha na kijiti chembamba, na kila mara anauliza: "Hapa? Na hapa? Inawaka ao inapiga? Inakuja yenyewe ao mupaka uguswe?" Hakuna mutu alikuwa ameniuliza vile. Wote waliuliza tu inauma ao haiume.

"Mama," akasema, "kidonda kilipona. Mwenye hajapona ni nerf, ule mushipa wenye kupeleka habari mu kichwa. Ni sawa vile waya ya courant yenye imechubuka: inatupa cheche hata kama hakuna mutu anawasha taa. Vidonge vyenye ulimeza havijui ile njia. Acha vyote, vinakuharibia tumbo. Kuko dawa zingine. Nitaongea na dokta wa hospitali, tutaanza na kidogo. Na nikuambie ukweli: haitamaliza yote. Tunatafuta yenye itapunguza, na yenye utaweza kuishi nayo."

Alinipatia vidonge vidogo, amitriptyline. Nusu yake, kila jioni, kisha nirudi.

Nyumbani, Neema, mutoto wa dada yangu mwenye anasoma secondaire, akafungua karatasi ya ndani, akasoma, akanitazama na huruma.

"Mama, hii ni ya watu wenye huzuni kubwa."

"Huzuni gani?"

"Huzuni ya kichwa. Wenye wanalia bila sababu."

Nilirudi kwa Esther mbio, kasirani imenijaa mupaka mu shingo. "Miye siko na huzuni! Niko na mukono!"

Akacheka mupaka akashika meza. "Mama Riziki, kipimo kikubwa ni ya huzuni. Kipimo kidogo, vile nilikupatia, inatuliza nerf. Présure yako, ukitia kijiko moja inafanya nini?"

"Inagandisha."

"Na ukitia bakuli nzima?"

"Inaharibu, fromaji inakuwa chungu."

"Basi. Nenda nyumbani."

Hapo nikamuheshimu. Mutu mwenye anajua kukuongelesha na kazi yako, musikilize.

Lakini kusikiliza na kufanya ni vitu viwili. Sisi watu wa maziwa, dawa yote tunaikunywaka asubuhi, na maziwa ya kwanza. Mutoto wa kikohozi, muzee wa magoti, ng'ombe mwenye minyoo: asubuhi, na maziwa. Vile njo mama yangu alifanya na mama yake. Esther alisema jioni, nami nikafikiri: jioni mukono umeisha kazi, dawa itamusaidia nani? Adui anakuja muchana, nimupige muchana. Nikameza asubuhi, na kikombe cha maziwa ya moto, nikaenda kusimama ku sufuria.

Wapenzi! Nilisimama, kisha nikaegemea, kisha nikakaa juu ya bidon. Sikujua kitu tena. Niliamshwa na Safi anapiga kelele: "Mama! Mama, inachemuka!" Maziwa ya kijiji kizima ilikuwa inaruka mu sufuria sawa vile bugali. Maziwa ya fromaji haichemukake, munajua. Ikichemuka, haigande tena vizuri. Siku ile Papa Anselme aligawa maziwa ya kuchemusha kwa wafanyakazi wote, na wote wakanishukuru, wale washenzi. "Mama Riziki, kesho ulale tena!" Mumoja aliniletea muto wa kulalia.

Nikaanza kuimeza jioni, nikiisha kufunga kuku. Na mujue hii: haifanye kazi siku ileile. Ile ya kichwa unameza, unapona. Hii inakwenda pole pole sawa vile fromaji inakomaa ku ubao. Ukiigeuza-geuza kila saa kuona kama imekomaa, utaipasua. Majuma ikapita bila kitu, paka usingizi muzuri tu. Kisha asubuhi moja nikavaa chemise, nikafunga vifungo, nikatoka, na ku barabara njo nikakumbuka kama sikuruka. Nilisimama palepale. Nikagusa kiwiko. Moto ulikuwa mule, lakini umefunikwa na majivu.

Mutu ni mutu. Maumivu ikipunguka kidogo, anataka iishe yote. Esther alikubali kupandisha kidogo-kidogo, na kila mara akauliza mambo ya kinywa, ya tumbo, ya moyo kama unaruka-ruka. Maumivu ikashuka sana. Mukono ukawa sawa vile wa zamani. Lakini kinywa! Kinywa kilikauka mupaka ulimi ukashikamana na meno. Na tumbo ikafunga sawa vile barabara ya Sake wakati udongo umeanguka. Ya tumbo nilivumilia, papai iko. Ya kinywa, sikujua hatari yake mupaka Mama Jacky alipokuja.

Mama Jacky alikuwa mununuzi, alipelekaka fromaji yetu Goma. Mwanamuke wa maneno makali, haogope mutu. Alikata kipande, akatafuna, akatema mu mukono.

"Nani alitia chumvi hapa? Munataka kuua wazungu ao wakongomani?"

"Miye," nikasema.

"Weye? Ulionja?"

"Nilionja."

"Na ulimi ya nani?"

Wote wakacheka. Miye sikucheka, juu alikuwa na haki. Nilikuwa naonja maji ya chumvi kila siku, na ulimi mukavu hauseme ukweli. Nilikuwa naongeza, naongeza, nasikia bado. Dawa ilinirudishia kidole na ikaninyanganya kinywa. Sasa mufromaji bila kinywa ni nini? Na mawingu ilikuwa imeanza kukaa juu ya milima ya Walikale, kule mvua yetu inatokaka.

Tukajaribu ingine. Hii, karbamazepine, dokta aliniandikia baada ya kunipima damu. Wengine inawafanya vizuri sana, siisemi vibaya. Miye, dunia iligeuka. Nilikuwa nabeba ndoo ya maji ya maziwa kupelekea nguruwe, kilima kikainuka pale hakukuwa kilima, nikajikuta nimekaa mu matope, ndoo juu ya kichwa, na nguruwe ya Papa Anselme inanilamba masikio. Safi alinitoa, anauma midomo juu asicheke.

"Cheka," nikamuambia. "Ukiificha, itakuvimbisha."

Akacheka mupaka akalia. Kisha akaniambia kitu chenye sikungojea: "Mama, usiende. Miye sijui kupima. Nikiingiza kidole, naona paka maziwa tu." Alikuwa na woga wa kweli. Mvua ikirudi na miye nikiwa nyumbani, fromajeri ingebakia mu mikono ya mutoto mwenye anaona paka maziwa, na kazi yangu yote ya miaka ingeenda na yeye mu matope.

Nikarudi kwa Esther. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na kasirani tena. Nikamuambia: "Nisikilize. Sitaki dawa yenye inaua maumivu yote. Nataka kinywa changu, nataka miguu yangu, na nataka kidole kisikie maziwa. Kile kidogo chenye kitabakia kuuma, nitakibeba."

Akaweka kalamu chini. "Watu wengi wanakuja hapa wanataka ziro."

"Ziro ya nini? Mukono wenye hausikie kitu, ni wa maiti."

Tukarudi ku ile ya kwanza, tukaishusha. Si kipimo cha mwanzo, si kile cha juu: cha katikati. Jioni, mapema kidogo kushinda saa yenye nilikuwa nameza, juu asubuhi kichwa kiwe chepesi. Nikaanza kutembea na chupa ya maji, nakunywa kidogo-kidogo. Maji ya chumvi, nikaacha kuyaonja. Nilimufundisha Safi kutia yai bichi ndani: likizama, chumvi ni kidogo. Likielea na kuonyesha kichwa kadogo, inatosha. Nikafunga kiwiko na kitambaa cha pamba juu upepo usikiguse. Na ile termometre yenye Papa Anselme alinunua zamani, yenye nilikuwa naiita fimbo ya wavivu, nikaitoa ku musumari nikaiosha. Ilinipunguzia kutia mukono mu maziwa ya moto mara mingi. Kidole nikakichungia kazi moja tu, yenye termometre haiwezi. Vijana, mutumie kila kitu chenye kinasaidia. Kiburi cha kazi ni fromaji, haiko namna ya kuteseka.

Kitu kingine, na hapa sitanii. Tangu watu walijua nimepona, wanakuja: "Mama, niko na muguu unawaka, nipatie kidonge kimoja cha yako." Sitoi. Hata kwa mutoto wa dada yangu. Muguu wako unaweza kuwaka juu ya ugonjwa wa sukari, ao mugongo, ao kitu kingine, na moyo wako siujui. Enda upimwe. Na mwenye anakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, asichanganye na hii dawa, ataamka mu shamba la mutu. Na usiiache gafula juu unajisikia vizuri. Barabara ilifungwa mara moja, vidonge vikaisha, ule waya ukawaka kushinda siku ya kwanza, na tumbo ikageuka. Tangu pale ninakwenda kutafuta ingine wakati ya mu karatasi ingali mingi.

Sasa mvua.

Ilirudi kwa nguvu, sawa vile inajuaka hapa kwetu. Majani ikainuka, na siku ya maziwa mingi uwanja ulijaa bidon mupaka ku barabara. Tulijaza sufuria kubwa, ile yenye hatukuigusa kiangazi chote. Nikapima joto, nikatia présure miye mwenyewe, nikafunika. Mama Jacky alikuwa amekuja na motard wawili, wenye kuendesha moto, mawingu meusi nyuma yao, anataka kushuka Sake mbele udongo haujaanza kuanguka. Alikuwa anangoja tumupakilie fromaji za zamani, na tukate hii ya leo juu Papa Anselme apate nafasi ya kuongea naye bei. Motard walikuwa wanapiga honi.

Papa Anselme akaingia, kofia mu mukono inatona maji. "Mama Riziki, saa imefika. Tukate."

Wafanyakazi wote walikuwa wananitazama. Safi alikuwa pembeni yangu na kile kisu kirefu. Nikanawa, nikaingiza kidole kidogo cha kuume, nikainua pole pole. Kiwiko kiliwaka kidogo, kile kidogo changu, chenye nilikubali. Chini ya ile moto nikasikia maziwa. Ilikuwa inashika, kisha inaachilia ovyo mu mwisho.

"Bado," nikasema.

"Mama, moto zinangoja, mvua—"

"Bado."

Mama Jacky aliita kutoka inje: "Anselme! Nani anaamuru kule ndani?"

Papa Anselme alinitazama mukono. Kisha akafungua mulango, akamujibu na sauti yenye kila mutu alisikia mupaka ku barabara: "Mama Riziki amesema bado!"

Akafunga mulango, akageuza bidon tupu, akakaa juu yake, akaweka kofia juu ya magoti, akangoja.